Dondoo Muhimu: Mwendesha Baiskeli na Mbwa Asiyefungwa
Wewe utokaye Kaptembwo alfajiri kwa baiskeli kuelekea miteremko ya Menengai, ukimkuta mbwa aliyeachiwa huru njiani, usishindane naye mbio, kwani aonapo gurudumu likikimbia ndipo silika yake ya kuwinda huamka. Bali punguza mwendo, ushuke, na uiweke baiskeli iwe sitara baina yenu, pasi na kumkazia macho, mpaka atulie. Naye mwenye mbwa, asikiapo kengele, yampasa amshike upesi. Udhuru wa “haumi huyu” haumfai kitu aliyekwisha kuanguka kwenye kokoto. Akiuma, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha uende hospitali ukachanjwe bila ya kukawia, ijapokuwa mkwaruzo ni mdogo, kwa kuwa kichaa cha mbwa, dalili zake zikishadhihiri, hakina dawa.