Kutoka Shule ya Sekondari hadi Ufamasia: Maelezo kwa Vijana wa Nkubu na Wazazi Wao

Mji wa Nkubu, ulio kando ya barabara itokayo Meru kwenda Embu, hauna uhaba wa watu wanaotafuta dawa. Wagonjwa hufika katika Hospitali ya Consolata wakitoka sehemu za juu zenye chai na sehemu za chini zenye kahawa, na wengine huingia moja kwa moja katika maduka ya dawa. Kijana anayeyaona hayo aweza kutamani siku moja asimame nyuma ya meza ile akiwa amevaa koti jeupe. Nia hiyo ni njema. Lakini njia yake ni ndefu, nayo ina mahali ambapo mtu akikosea kuchagua hupoteza miaka na fedha za wazazi wake. Kwa hiyo yafaa ifahamike mapema.

Kazi yenyewe

Watu wengi hudhani kwamba mfamasia ni mwuzaji tu. Sivyo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba dawa ni ile iliyo sahihi, kwa kipimo kilicho sahihi, kwa mtu anayestahili kuipata, na kwamba haigombani na dawa nyingine anazotumia.

Mfano huu utaonyesha jambo lenyewe. Mtoto mwenye uzito wa kilo 12 ana homa, na daktari ameagiza apewe parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Hesabu ni 15 mara 12, yaani miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, mtoto atapewa mililita 7.5. Lakini ziko chupa nyingine za dawa hiyo hiyo zenye miligramu 250 katika mililita 5. Kwa chupa ya namna hiyo mtoto anahitaji mililita 3.6 tu. Mtu asiyesoma maandishi ya chupa akimpa mililita 7.5, mtoto atakuwa amekunywa miligramu 375, zaidi ya maradufu ya kipimo chake. Na parasetamoli ikizidi mno huharibu ini. Hesabu hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote mwangalifu, lakini kosa lake haliishii katika daftari.

Masomo ya kushika

Kemia na Bayolojia ndizo nguzo za kazi hii, zikifuatwa na Hisabati na Fizikia. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa KCSE ulianza mwaka 1989, mwanafunzi aliyeiacha Fizikia na pia akaidharau Hisabati alijifungia mlango mwenyewe. Katika mtaala wa umilisi uchaguzi huja mapema zaidi: mwanafunzi wa gredi ya 9 huchagua mkondo atakaoufuata katika shule ya upili, na atakaye ufamasia budi ashike mkondo wa sayansi, pamoja na Kemia na Bayolojia. Mzazi asingoje hadi mwaka wa mwisho ndipo amwulize mtoto anataka kuwa nani.

Lugha nazo zisidharauliwe. Mfamasia asiyeweza kumweleza mama mzee, kwa Kiswahili au Kimeru kilicho wazi, jinsi ya kumeza dawa zake, elimu yake haijamfaa mgonjwa yule.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni shahada ya ufamasia, ambayo huchukua miaka 5. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha shahada hiyo mwaka 1974. Leo vyuo vingine vinaifundisha pia, na kimoja kati ya hivyo, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kina makao yake makuu huko Meru, safari fupi kutoka Nkubu. Kwa waliofanya KCSE, alama ya chini ya jumla ya kuingia chuo kikuu ni C+. Lakini yafaa mwanafunzi aelewe kwamba nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Kwa hiyo wanaopangiwa ufamasia na shirika la serikali liitwalo KUCCPS kwa kawaida huwa na alama za juu kuliko hizo. C+ hukuruhusu kuomba, haikuahidi kupata.

Njia ya pili ni diploma ya teknolojia ya dawa, ambayo huchukua miaka 3. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC), kilichoanza mwaka 1927, ni miongoni mwa vinavyoifundisha. Alama ya jumla inayotakiwa ni C, pamoja na alama nzuri katika masomo ya sayansi. Njia hii si ya kuonewa haya. Mwenye diploma huweza kuanza kazi mapema, na baadaye, akiwa amefaulu vizuri, aweza kuomba nafasi ya kusomea shahada.

Baada ya chuo

Cheti cha chuo peke yake hakimruhusu mtu kutoa dawa. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, iliyotungwa zamani za ukoloni, ndiyo iliyounda Bodi ya Dawa na Sumu mwaka 1957, na Bodi hiyo ndiyo inayowaandikisha wafamasia na wateknolojia wa dawa hata leo. Mwenye shahada hufanya kazi ya mafunzo kwa mwaka mmoja katika hospitali iliyokubaliwa, hufanya mitihani ya Bodi, kisha huandikishwa na kupewa leseni ambayo lazima aihuishe kila mwaka.

Hapa pia pana subira. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za serikali waligoma kwa siku 56, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kucheleweshwa na malipo ya wahitimu wanaongojea mwaka huo wa mafunzo, wafamasia wakiwamo. Basi familia inayopiga hesabu ya miaka isiishie siku ya mahafali.

Kabla ya kulipa karo

Jambo la hatari kuliko yote ni kulipia mafunzo ambayo Bodi haiyatambui. Mzazi aweza kuuza ng'ombe au kutumia malipo yote ya mwaka ya majani ya chai, kisha mtoto akarudi na karatasi nzuri yenye muhuri isiyomwezesha kuandikishwa. Hasa ajihadhari na kozi fupi za cheti zinazoahidi kwamba mtu ataendesha duka la dawa. Kabla ya kutoa shilingi moja, aulize mambo matatu.

Kwanza: je, Bodi ya Dawa na Sumu imekubali kozi hiyo, katika chuo hicho, na katika tawi lile lile ambalo mtoto atasoma? Jibu litafutwe kwa Bodi yenyewe, si kwa mwenye chuo.

Pili: karo yote ni kiasi gani hadi mwisho, pamoja na chakula, malazi na ada za mitihani?

Tatu: wanafunzi hupelekwa hospitali gani kujifunza kwa vitendo?

Asiye na uwezo aulizie Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa mwaka 1995, akikumbuka kwamba mkopo ni deni na utalipwa.

Mwisho, kijana aliye bado shuleni aweza kuanza leo: ashike Kemia yake, afanye hesabu za vipimo mpaka zimzoee, na aombe ruhusa ya kumwuliza mfamasia wa hospitali iliyo karibu jinsi siku yake inavyopita. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.