Sukari ikishuka, hasira hupanda

SWALI: Daktari, mume wangu anachoma sindano za insulini. Siku akirudi kutoka kupalilia vitunguu swaumu anakuwa mkali ghafla, anafokea watoto bila sababu, anatetemeka na kutoka jasho hata kukiwa na baridi. Nikimpa chai yenye sukari anatulia, kisha analia na kuomba radhi. Ndugu zake wanasema ana mapepo. Nifanyeje? – Msomaji, Dongobesh, Mbulu.

JIBU: Mama, dalili hizo, na jinsi chai inavyomtuliza, ni za sukari iliyoshuka. Ubongo hutegemea sana sukari ya damu. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 mmol/L, mwili humwaga adrenalini, homoni ileile inayomtoka mtu aliyekutana na fisi njiani usiku. Moyo unakwenda mbio, hofu inampanda, naye hajui anaogopa nini. Sukari ikizidi kushuka, subira na busara navyo vinamwishia. Maneno anayotoa hapo hakuyapanga.

Usibishane naye wakati huo. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, mpime tena. Ikiwa bado chini, rudia. Ikipanda, mpe chakula. Kama hakuna mashine ya kupimia, zifuate dalili. Akizimia au akishindwa kumeza, usimtie kitu mdomoni: mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Kinachonisumbua zaidi ni yale machozi. Mtu aliyewatukana wanawe bila kukusudia hubaki na aibu, na aibu huzaa woga wa sukari kushuka tena. Wapo wagonjwa wanaoanza kuruka sindano kwa siri ili sukari ibaki juu wasije wakaaibika. Miaka inapita, macho na figo vinaharibika, na nyumbani hakuna aliyejua alichokuwa anakikimbia. Zungumza naye akiwa ametulia na ameshiba. Mwambie unajua kilichomshika.

Dozi yake nayo iangaliwe. Jembe hutumia sukari nyingi, na mwili huendelea kuivuta kwa saa nyingi baadaye, hata usiku akiwa amelala. Pombe bila chakula ni hatari zaidi, kwa sababu ini likishughulika na pombe halitoi sukari yake ya akiba. Asipunguze sindano kwa kukisia. Aandike kwenye daftari saa ya sindano, chakula, kazi ya shamba na kipimo, alipeleke hospitali ya Haydom au kliniki anayohudhuria. Wasomaji wa Hanang wanaweza kwenda hospitali ya Tumaini, Katesh. Shambani asiende bila sukari mfukoni.

Na hao ndugu, mama, waite siku ya kliniki. Wamsikilize mtaalamu wenyewe, kisha wafundishwe kumpa sukari siku wewe usipokuwepo.