Lenzi ya Kamera Kuukuu Ina Kazi Shambani

Kamera za filamu zimejaa kwenye makabati ya studio za Kanda ya Ziwa. Shata imekwama, filamu ni adimu, na mafundi wa kuzitengeneza ni wa kutafuta. Lenzi zake bado ni nzima. Yangu ni ya milimita 50, niliitoa kwenye Pentax K1000, na hapa Lalago msimu wa pamba siiachi nyumbani.

Kukagua wadudu. Ondoa vifuniko vyote viwili. Zungusha pete ya mwanga hadi namba ndogo kabisa (yangu ni 2), kisha pete ya kulengea uiweke kwenye ∞. Upande uliokuwa unashikana na kamera uelekee jani, umbali wa sentimita 4 na nusu hivi; jicho likae upande wa mbele. Ukitaka kujua inakuza kiasi gani, gawanya 250 kwa milimita za lenzi. Ya 50 inakuza mara 5, ya 28 karibu mara 9. Ya 135 haifikishi hata mara 2, iache.

Geuza jani uangalie chini yake, ndiko vidukari hujificha. Kisha chunguza majani machanga ya juu na vitumba: yai la funza wa vitumba ni la nusu milimita tu, na ukiliona mapema unawahi kabla funza hajatoboa. Utawaona pia mabuu wanaotafuna vidukari. Hao ni wasaidizi wako; ukipulizia dawa ovyo unawaua wao kwanza.

Kupiga picha kwa simu. Gusisha kamera ya simu kwenye kioo cha mbele cha lenzi, umbali wa jani ukiwa uleule. Pembe zikiwa nyeusi, kuza kidogo kwa vidole. Picha hiyo mtumie afisa ugani kwa WhatsApp. Ataelewa haraka kuliko maelezo ya mdomo.

Kusoma lebo. Kipimo cha dawa kwa lita za maji na tarehe ya mwisho wa matumizi huandikwa kwa herufi ndogo mno. Wazee huazima lenzi yangu kwa kazi hii kuliko nyingine zote.

Kufundishia. Funga madirisha, acha mlango wazi. Elekeza mbele ya lenzi mlangoni, weka karatasi nyeupe nyuma yake: uwanja wote utaonekana kwenye karatasi, miguu juu kichwa chini. Somo la mwanga la Fizikia hilo, bila maabara.

Tahadhari ni moja kubwa. Lenzi hukusanya jua na kuwasha moto, na pamba haichelewi kushika. Usiiache wazi dirishani wala karibu na magunia ya pamba, na usitazame jua kupitia humo kamwe. Ukimaliza, rudisha vifuniko. Na kama unataka kuiuza kamera mbovu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, toa lenzi kwanza.