Taa Nyeupe za Gari na Macho ya Dereva wa Usiku

Dereva anayeanza kuona kwamba barabara imekuwa na giza kuliko zamani, kwa kawaida huenda kwanza kwa fundi umeme wa magari. Huko huuziwa balbu nyeupe zenye mwanga mkali, hufungiwa, naye kwa siku chache huridhika. Ni nadra kufikiri kwamba kilichofifia huenda si taa, bali ni lenzi ya jicho lake.

Lenzi hiyo huwa angavu utotoni, kisha huelekea rangi ya manjano na kupata ukungu kadiri umri unavyosonga. Mboni nayo husinyaa, isiweze tena kufunguka kwa upana gizani. Kwa sababu hizo mbili, retina ya mtu wa miaka 60 hupata takribani theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Mwenye mtoto wa jicho hupungukiwa zaidi, tena ana shida ya pili ambayo hakuna balbu inayoweza kuiondoa. Lenzi yenye ukungu hutawanya mwanga ndani ya jicho, kama kioo cha gari chenye vumbi kinavyofanya kinapopigwa na jua la jioni. Mwanga uliotawanyika hutandaza pazia jeupe juu ya retina, na mtembea kwa miguu aliye pembeni mwa barabara humezwa na pazia hilo. Kwa dereva wa namna hiyo, kila taa kali inayomjia humwongezea giza.

Weupe wa balbu nao hueleweka vibaya. Balbu ya kawaida ya halojeni hutoa mwanga wenye umanjano, wa kiasi cha kelvini 3200. Zile zinazosifiwa kwa weupe hufika 6000. Namba hiyo hupima rangi ya mwanga, haipimi wingi wake. Balbu nyingi za halojeni zilizopakwa rangi ya buluu huonekana nyeupe kwa sababu rangi hiyo huzuia sehemu ya mwanga wa manjano na mwekundu, yaani mnunuzi hulipa zaidi ili apate mwanga pungufu. Aidha, mwanga unaoelekea buluu huwakera zaidi macho ya wanaoutazama.

Balbu za LED zinazochomekwa ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni zina kasoro nyingine. Kioo cha ndani cha taa kimechongwa kufuata mahali hasa pa uzi unaowaka ndani ya balbu. Chanzo cha mwanga kikihama hata kwa milimita chache, mpaka wa juu wa mwanga wa karibu huvurugika na mwanga hupanda usoni mwa anayekuja. Jambo kama hilo hutokea pia gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia linapotumiwa Tanzania au Kenya bila kubadilishiwa taa. Wengine huongeza wati: badala ya balbu ya 60/55 hufunga ya 100/90, na soketi huungua.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliyepofushwa kwa sekunde 3 amekwenda mita 66 bila kuona vizuri, na jicho la mzee huchelewa zaidi kurudia hali yake.

Mhudumu wa afya asitosheke na chati ya herufi. Mgonjwa huweza kuisoma vizuri katika chumba tulivu, hasa mwenye mtoto wa jicho aliyeanzia nyuma ya lenzi, lakini akimulikwa tochi kutoka pembeni herufi zikampotea. Swali moja linafaa kuulizwa kila dereva: je, taa za magari yanayokuja zinakusumbua kuliko mwaka jana? Anayejibu ndiyo apimwe miwani, lenzi na retina, na aulizwe kuhusu kisukari. Upasuaji wa kuweka lenzi bandia humwondolea wengi adha hiyo, jambo ambalo fundi hana uwezo nalo.

Kwa upande wa gari, yapo ya gharama ndogo yanayosaidia kweli: kung'arisha plastiki ya taa iliyopauka, kusafisha kioo cha mbele ndani na nje, kubadili balbu zilizochoka zote mbili kwa pamoja kwa wati zilezile, na kurekebisha mwelekeo wa taa. Taa kali ikikujia, punguza mwendo na uelekeze macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara. Miwani ya manjano inayouzwa kwa madereva wa usiku haifai kununuliwa, kwani hupunguza mwanga ambao tayari ni haba. Aliyetiwa dawa ya kupanua mboni kliniki naye asishike usukani siku hiyo hadi macho yatakaporudi kawaida. Ni vema aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.