Kaa Kwenye Kiti Mwenyewe, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo nina neno na ninyi mnaofanya kazi vyuoni, wa Malimbe, wa Bugando, wa Nyegezi, na wengine wote mliotawanyika huku Mwanza kwenye mawe na ziwa. Mhadhiri mmoja wa hapa jijini, mtu mzima mwenye shahada zake, ameniambia kwamba kila yanapotangazwa mafunzo ya kompyuta yeye huumwa tumbo. Hadanganyi, tumbo linamkata kweli. Anawaza atakavyokaa mbele ya mwezeshaji ambaye yeye mwenyewe alimfundisha mwaka wa kwanza, halafu kipanya kimshinde watu wakimtazama.

Pole, mdogo wangu. Mko wengi, na aibu hiyo haikuanzia kwako. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilipofika 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika, ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo lile lilidumu miaka. Waliokufundisha walikua ndani yake, na wewe ukalelewa kwa chaki na ubao. Hata tasnifu yako uliiandika kwa kalamu, ukampelekea mpiga chapa, ukalipa kwa ukurasa. Tangu siku ile ulizoea kuandikiwa, na mazoea, kama mjuavyo, yana taabu.

Ila kukuelewa ni jambo moja na kukuachia ni lingine. Naambiwa unaye kijana wako, yule msaidizi mwenye vidole vyepesi, ndiye anayekupandishia matokeo kwenye mfumo. Nywila yako anaijua yeye, wewe umeisahau. Tena umembandikia kwenye karatasi pembeni ya kioo! Mdogo wangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku alama za mwanafunzi zikibadilika kutoka D kuwa B, mfumo hautaandika jina la kijana. Utaandika la kwako, na saa, na dakika.

Najua ninachosema. Zamani nilikuwa karani wa masjala katika chuo kimoja, nikampa nywila kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa mpole. Alama za wanafunzi watatu zikaguswa. Nilikaa mbele ya kamati nikiulizwa mambo ambayo hata maneno yake sikuyaelewa, nikawa naitikia tu. Sikuiba kitu, lakini mtu asiyejua alichosaini hana cha kujitetea. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Sitaki ulie hivyo.

Na kuna la steshenari. Mtihani unautia kwenye flashi, unauchapisha pale nje ya geti, kompyuta ya watu wote, faili unaliacha humo humo. Halafu mtihani ukivuja unashangaa umevujaje. Majina ya wanafunzi, namba zao za simu, hata majibu yao ya hospitali kwa ninyi wa upande wa tiba, ni mali yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na haijaweka msamaha kwa mtu mwenye haya.

Basi, hayo mafunzo. Nendeni, lakini si mwendo ule ninaoujua mimi: unasaini, unakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, mwezeshaji anabofya haraka haraka ukutani, anauliza "tumeelewana?", ukumbi mzima "ndiyooo", mnakunywa chai, mnasubiri posho, mnarudi na cheti. Cheti kinakaa kwenye faili, na Jumatatu kijana anaitwa tena. Mficha uchi hazai. Kaa mbele. Nenda na kazi yako mwenyewe, orodha ya darasa lako na alama zako, umwambie mwezeshaji: nionyeshe hii, polepole, ila kipanya nishike mimi. Akikushikia, mrudishe mkono kwa upole. Na kama Kiingereza cha kwenye kioo ndicho kinachokutisha, uliza kwa Kiswahili bila kuona haya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili, kwa hiyo lugha yetu ilishaingia humo siku nyingi.

Ninyi makatibu muhtasi, wakutubi, watu wa masjala na manunuzi, msikae mkisubiri kualikwa. Barua za mafunzo hupenda kuishia mezani kwa wahadhiri. Ombeni kwa maandishi. Mlio kwenye taasisi za umma mnaona wenyewe: likizo inaombwa kwenye mfumo wa ESS, utendaji unajazwa kwenye ule wa PEPMIS, na tangu 2023 zabuni zimehama mfumo wa TANePS kwenda NeST. Atakayekujazia utendaji wako wa mwaka mzima atajuaje ulichofanya?

Ninyi wa tiba pale Bugando, mna hazina mnayoipita kama jiwe la Bismarck pale ziwani, kwa kuwa mmezoea kuliona. Hinari ilianzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani ili nchi kama yetu zisome majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Nendeni kwa mkutubi, mwombeni nusu saa. Na wale ambao chuo chenu kinafundishia kwenye Moodle, programu hiyo ni huria na mafunzo yake yapo bure mtandaoni. Usiku mtandao ukitulia, watoto wamelala, jaribu kutengeneza somo moja. Likiharibika, futa. Hakuna aliyekuona.

Mnakumbuka 2020? Vyuo vilifungwa Machi kwa ajili ya korona, vikafunguliwa Juni mosi. Niliona walimu hodari, watu ambao ukumbi hunyamaza wakiingia, wamekaa nyumbani bila namna ya kumfikia mwanafunzi hata mmoja isipokuwa kwa simu. Wengine waliniambia walijisikia wamestaafishwa kabla ya siku zao. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma.

Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu mwenye tumbo. Jumatatu ukifika ofisini, kabla ya chai, badilisha nywila na ile karatasi uichane. Kijana usimfukuze, hana kosa, ulimtwika mzigo wako. Mwambie asante, mvutie kiti, akae pembeni mikono ikiwa mapajani, nawe upandishe alama za wanafunzi watano. Watano tu. Waliobaki utawamalizia Jumanne.