Elimu kwa Michezo Kidato cha Tano: Anza na Chokaa na Daftari

Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, na katika makundi yake saba limo kundi la michezo. Kijana wa Babati anayependa riadha, wavu au mpira wa pete sasa ana mahali pa kwenda na kipaji chake. Wengi huingia kwa sababu wana mbio. Mbio zitakusaidia, ila mtihani utataka ueleze kwa nini mwili unafanya unachofanya, na maelezo hayo hutoka kwenye daftari lako.

Hatua ya kwanza, chagua vizuri. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili mwanafunzi abadilishe machaguo yake. Tazama kwa makini masomo mawili yanayoambatana na somo la Elimu kwa Michezo katika tahasusi yako. Chuo kikuu hudai ufaulu wa angalau masomo mawili ya tahasusi, kwa hiyo ukiyachukia hayo mengine unajifungia mlango. Mzazi akikuambia, "Nimekusomesha usome, siyo ukacheze," usibishane naye. Mfungulie muhtasari wa somo umwoneshe: "Baba, humu mna mifupa, misuli, moyo, lishe na huduma ya kwanza." Nimeona wazazi wakali wakilainika hapo hapo.

Hatua ya pili ni fupi: nenda ukapimwe afya. Mwenye pumu, selimundu au tatizo la moyo amwambie mwalimu siku ya kwanza. Shule utakayopangiwa huenda ikawa mkoa mwingine kabisa, ambako hakuna anayekujua.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: chora uwanja kwa mikono yako. Tafuta tepu, vigingi viwili, chokaa na waya mwembamba. Kamba ya nailoni iache, huvutika ukiikaza na mzunguko wako utazidi. Tuseme shule ina eneo la mzunguko wa mita 200. Pima mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja mita 50, yenye kwenda sambamba. Kila mwisho piga kigingi katikati ya mistari hiyo, funga waya wa mita 15.72, kisha zunguka nao nusu duara huku mwenzako akimwaga chokaa nyuma yako. Mkimbiaji hakanyagi ule mstari. Urefu huhesabiwa sentimita 20 nje yake, na ukikokotoa hivyo utapata mita 200.

Sasa chora njia ya pili, upana mita 1.22. Anayekimbia humo huanza mbele ya mwenzake kwa mita 7.67, maana kona zake ni ndefu zaidi. Ukitaka kujua 7.67 imetoka wapi, zidisha 1.22 kwa mbili, kisha kwa pai. Uwanja uwe mkubwa au mdogo, kwa mzunguko mmoja wa njia za chokaa tofauti ni ile ile. Mwanafunzi aliyeipima mwenyewe, magoti yakiwa meupe kwa chokaa, haisahau katika chumba cha mtihani.

Hatua ya nne, jipime. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili shingoni pembeni ya koromeo. Usitumie dole gumba kwa sababu lina mapigo yake yatakayokuchanganya. Hesabu sekunde 15, zidisha mara nne, andika. Kila mwezi kimbia dakika 12, kipimo alichokitangaza daktari Mmarekani Kenneth Cooper mwaka 1968. Ukimaliza mizunguko 12 ya uwanja wako umekwenda mita 2,400. Toa 504.9, gawanya kwa 44.73, utapata kama 42: ni makadirio ya mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili wako inaweza kutumia kwa dakika. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kidogo kuliko ya Tanga. Kwa hiyo linganisha namba yako na yako ya mwezi uliopita, si na ya mtu wa kule. Na tafadhali, alfajiri na jioni usikimbilie kando ya Ziwa Babati. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na kiboko anayerudi majini hapendi kukuta mtu njiani. Miinuko ya chini ya mlima Kwaraa inatosha kabisa kujenga mapaja.

Hatua ya tano ni lugha. Mwili unaujua kwa Kiswahili, karatasi utaijibu kwa Kiingereza. Kwanza mweleze mwenzako kwa Kiswahili jinsi misuli ya paja inavyojikunja na kulegea unapopiga mpira. Akikuelewa, ndipo uandike kwa Kiingereza. Ukianza kwa kukariri, swali likigeuzwa kidogo tu umepotea.

Historia ya michezo nayo isome kupitia watu wa huku. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton. Filbert Bayi wa Karatu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo. Jiulize: anayeongoza njia nzima anapata nini, na analipa nini mwilini? Jibu la swali hilo ni insha nzima ya fiziolojia.

Hatua ya mwisho, omba filimbi. Wakati wa UMISSETA ngazi ya shule na wilaya, mwombe mwalimu wa michezo uwe mshika kibendera, mpima tufe au mtunza muda. Kuchezesha mechi moja ya mpira wa pete, wachezaji saba kila upande wakikukodolea macho, kutakulazimisha kuzijua sheria. Andika uamuzi uliokutatiza, na jioni ile ile fungua kitabu cha sheria utafute ulikosea wapi.

Masomo ya kidato cha tano huanza Julai. Kwenye sanduku, pembeni ya raba na bukta, weka ile tepu.