Cyberpunk 2077 Inakwama Kwenye Kompyuta Yako? Maliza Kwanza Tiba za Bure

Umeinunua Cyberpunk 2077, umesubiri gigabaiti zake nyingi zishuke, umeingia Night City, jiji la gemu hii, na kila ukigeuka picha inashikashika. Ukifika penye umati ndiyo inaganda kabisa. Kabla hujaanza kuulizia bei ya kadi mpya ya grafiki, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Nyingi hazigharimu chochote. Zile chache za kulipia utazijua baada ya kompyuta yenyewe kukuonyesha inapolemewa.

Fremu ni nini, na ngapi zinatosha?

Picha unayoiona kwenye gemu huchorwa upya mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila mchoro mmoja huitwa fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kumaliza kila mchoro. Ukiridhika na 30, inapata milisekunde 33.3. Fremu 60 huonekana laini, na 30 zilizotulia zinachezeka vizuri. Kinachochosha macho ni kupanda na kushuka: sasa hivi 58, mara 27, mara 45. Kwa hiyo lengo lako lisiwe namba kubwa peke yake, bali namba isiyoyumba.

Kila fremu hupita mikononi mwa vifaa viwili. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huamua nani anatembea wapi, gari gani linapita na risasi imempata nani. Kadi ya grafiki hupokea maamuzi hayo na kuyachora. Wawili hawa ni kama saidia fundi na fundi mwashi: saidia akichelewa kuleta udongo, fundi husimama hata awe hodari kiasi gani, na fundi akiwa mzito, udongo unakaukia kwenye karai. Ukimwongezea nguvu asiyechelewesha kazi, ukuta haupandi.

Je, kompyuta yangu inaiweza gemu hii?

Watengenezaji, CD Projekt Red wa Poland, walitoa gemu hii Desemba 2020, kisha mwaka 2023 wakapandisha viwango vya kompyuta inayohitajika. Kiwango cha chini sasa ni kadi ya GTX 1060 yenye memori ya gigabaiti 6 au RX 580 ya gigabaiti 8, prosesa ya Core i7-6700 au Ryzen 5 1600, RAM ya gigabaiti 12, na gigabaiti 70 kwenye diski ya SSD. Kwa hayo unatarajiwa kupata fremu 30 hivi katika mwonekano wa 1080p, mipangilio yote ikiwa chini. Ukitaka fremu 60 katika mipangilio ya juu, wanapendekeza RTX 2060 Super au RX 5700 XT pamoja na RAM ya gigabaiti 16.

Kama bado hujainunua, kumbuka kwamba duka la mtandaoni la Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Muda huo unatosha kuijaribu kwenye kompyuta yako kwanza.

Hatua ya kwanza: pima

Usibadilishe kitu kabla ya kuwa na namba ya kulinganisha. Ndani ya gemu, ingia kwenye mipangilio ya Graphics na ubonyeze Run Benchmark. Gemu itajiendesha yenyewe kwa muda mfupi, kisha itakupa wastani wa fremu, kiwango cha chini na cha juu. Ziandike namba zote tatu. Hiki ndicho kipimo utakachorudia baada ya kila badiliko, na badilisha kitu kimoja kimoja. Ukigusa mambo kumi kwa mpigo hutajua lipi lilisaidia.

Sasa mtafute anayechelewesha. Gemu ikiwa inaendelea, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha angalia sehemu ya Performance. Kadi ya grafiki ikiwa inatumika kwa asilimia 95 na zaidi, yenyewe ndiyo iliyolemewa. Ikiwa iko kwenye asilimia 60 huku fremu ni chache, inasubiri prosesa. Usidanganyike na asilimia ya prosesa: inaweza kusoma 50 na bado ikawa ndiyo kikwazo, kwa sababu baadhi ya vitengo vyake vimezidiwa na vingine vimekaa bure.

Kuna jaribio jingine la kuthibitisha. Shusha mwonekano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, kisha pima tena. Nukta za kuchora zimepungua kutoka zaidi ya milioni 2 hadi chini ya milioni 1. Fremu zikipanda sana, tatizo lilikuwa kadi. Zikibaki palepale, tatizo ni prosesa. Ukimaliza, rudisha mwonekano wako wa kawaida.

Hatua ya pili: rekebisha nje ya gemu

Kwanza, kama ni kompyuta ya mezani, tazama nyuma yake. Waya wa skrini uwe umechomekwa kwenye kadi ya grafiki, si kwenye tundu la ubao mkuu. Ukichomekwa pasipo pake, gemu inaweza kuishia kuchorwa na grafiki dhaifu za prosesa huku kadi yako imelala.

Kama ni laptopu, ichomeke kwenye umeme, kwa maana nyingi hupunguza nguvu zikitumia betri. Laptopu za gemu huwa na grafiki za aina mbili, dhaifu na zenye nguvu. Kwenye Windows ingia Settings, System, Display, kisha Graphics, uchague faili la Cyberpunk2077.exe na ulipangie High performance.

Pili, sasisha draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi. Ichukue bure kwenye tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel wenyewe, kulingana na kadi yako. Kaa mbali na programu zinazojinadi kuongeza fremu kwa kubonyeza mara moja, na pia gemu zilizovunjwa kinga zinazogawiwa kwenye flashi. Nyingine hubeba virusi, au programu za kuchimba sarafu za kidijitali zinazoila kadi yako kimyakimya.

Tatu, funga unavyoviacha wazi bila kufikiri: kivinjari chenye tabo nyingi, programu za kurekodi, upakuaji unaoendelea. Kwenye kompyuta yenye RAM ndogo, kufunga kivinjari pekee kunaweza kupunguza kuganda kwa ghafla.

Nne, ihamishie gemu kwenye SSD kama iko kwenye diski ngumu ya zamani inayozunguka. SSD haiongezi sana wastani wa fremu, lakini huondoa ile migando unapoendesha gari kasi na jiji likawa linapakiwa mbele yako. Kama huna SSD kwa sasa, ndani ya mipangilio ya gemu kuna HDD Mode iliyowekwa kwa ajili ya diski za polepole. Iwashe.

Hatua ya tatu: mipangilio ipi ishushwe kwanza?

Watu wengi hushusha kila kitu hadi chini, gemu ikawa mbaya bila sababu. Mipangilio hailingani uzito. Anza na iliyo mizito.

Ray Tracing ndiyo inayokula zaidi. Hufuatisha njia za mwanga ili vivuli na taswira za kwenye maji na vioo zifanane na za kweli. Kama kadi yako ni ya kati au ya zamani, izime yote na Path Tracing pamoja nayo. Kisha shusha Screen Space Reflections Quality hadi Low au uizime. Huu ni mwakisiko wa taa kwenye barabara zenye maji, na ngazi yake ya Psycho huzilemea hata kadi kubwa. Baada ya hapo shusha Volumetric Fog Resolution, ambayo ni ukungu, Volumetric Cloud Quality, ambayo ni mawingu, na Ambient Occlusion, ambayo ni vivuli vidogo vya kwenye pembe na mikunjo. Vivuli vingine viache kwenye Medium.

Texture Quality ni habari nyingine. Ndiyo inayoamua ukali wa picha za ukutani, nguoni na usoni, na hutegemea zaidi memori ya kadi kuliko kasi yake. Kadi yenye gigabaiti 8 inaweza kubaki High bila kupoteza fremu nyingi. Yenye 6 au pungufu ishushe, kwa sababu memori ikijaa gemu huanza kuganda. Kuibadilisha, toka hadi menyu kuu ya gemu.

Kama kipimo chako kilionyesha prosesa ndiyo inayochelewesha, hayo ya juu yatakusaidia kidogo tu. Dawa yako ni Crowd Density, yaani wingi wa watu mitaani. Iweke Low, kisha nenda kupima mahali penye msongamano kama Cherry Blossom Market. Dogtown, eneo lililoongezwa na nyongeza ya gemu iitwayo Phantom Liberty mwaka 2023, nalo ni zito kwa prosesa.

Hatua ya nne: acha programu ikukuzie picha

Gemu hii ina zana zinazochora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili hadi ijae skrini. DLSS ni ya kadi za RTX pekee. FSR ya AMD na XeSS ya Intel hukubali kadi nyingi zaidi, FSR hata GTX za zamani. Ukiwa na skrini ya 1080p na ukachagua Quality ya DLSS au FSR, kadi inachora 1280 kwa 720 tu. Ukichagua Performance inachora 960 kwa 540, na hapo utaona ukungu kidogo kwenye nyaya na nywele. Anza na Quality. Ukiwa na RTX, chagua DLSS, kwa kuwa picha yake hutulia zaidi.

Kuna pia Frame Generation, inayobuni fremu za ziada kati ya mbili zilizochorwa. Namba hupanda sana, lakini wepesi wa kipanya haupandi nayo. Itumie kama tayari unakaribia 60. Kwa mwenye 25, namba itapendeza huku mkono ukiona uzito uleule.

Mwisho wa hatua hii, weka kikomo. Kama fremu zako zinacheza kati ya 38 na 60, washa Maximum FPS uiweke 40. Utashangaa jinsi mchezo unavyotulia, na kompyuta haitachemka sana.

Hatua ya tano: joto na vumbi

Gemu ikianza vizuri kisha ikazidi kuwa nzito baada ya dakika 20, shuku joto. Prosesa nyingi za laptopu hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100. Programu ya HWiNFO, ambayo ni bure, itakuonyesha nyuzi hizo. Zima kompyuta, ichomoe, toa vumbi kwa hewa ya kupuliza huku umezishika feni zisizunguke, na laptopu usiiweke juu ya godoro. Kama ina miaka kadhaa haijafunguliwa, mpelekee fundi abadilishe paste ya kupoza prosesa. Kazi hii ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kadi.

Sasa, kama ni lazima kununua

Anza na RAM. Vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. Kinachofuata ni SSD. Kadi ije mwisho, na tu ikiwa kipimo kiliionyesha kwa asilimia 95.

Wengi wetu tunatumia kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex. Pawa saplai zake huwa ndogo na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75 tu, kwa hiyo tafuta kadi isiyozidi hapo. RTX 3050 ya gigabaiti 6 hutumia wati 70 na inafikia kiwango cha chini cha memori. Pima pia upana wa kasha, kwani makasha membamba hudai kadi fupi.

Ukienda Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Moi Avenue na Luthuli Avenue jijini Nairobi, jua bei ya asili kabla ya kupatana. RTX 2060 Super ilianza kuuzwa Julai 2019 kwa dola 399 nchini Marekani, na GTX 1060 ya gigabaiti 6 mwaka 2016 kwa dola 249. Kadi iliyotumika ikitajiwa bei inayokaribia hizo, endelea na duka la pili. Ukiipata ya bei nzuri, omba iwashwe mbele yako iendeshe gemu kwa dakika 15 bila picha kuchafuka wala kuzima, na uandikiwe risiti yenye muda wa dhamana kabla hujatoa fedha.